Kikohozi cha muzee pale Tshivanga: uchambuzi wa kisa kimoja cha safari ya gorila

Watu sita wana vibali vya kuona gorila siku hiyo katika Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo. Yupo muzee wa miaka 71, mwenye nyumba Muhumba, Bukavu. Yupo binti yake anayekaa naye. Yupo mwanawe wa kiume aliyefika kutoka Ubelgiji siku tatu zilizopita pamoja na mke wake, na wote wawili wanalala kwa muzee. Waliobaki ni marafiki wawili wa huyo mwana, waliofikia hoteli upande wa Nyawera. Safari yenyewe ni zawadi: mwana amelipia kila kitu ili baba yake, mzaliwa wa Kabare chini ya mlima Kahuzi, awaone ngagi, yaani gorila, angalau mara moja maishani.

Saa kumi na mbili asubuhi msindikizaji wa kampuni ya safari anawapakia. Familia inapanda gari la kwanza, marafiki gari la pili. Kabla ya kufika Mudaka muzee amekwisha kohoa mara kadhaa. Msindikizaji amesikia, na amenyamaza. Vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi na baridi. Miti wanaiacha njia ya uwanja wa ndege wa Kavumu, wanakata kushoto na kupanda. Toka Bukavu hadi Tshivanga, kituo cha mbuga ambapo ziara zinaanzia, ni kilomita kama 30, lakini barabara imewachukua saa moja na nusu.

Pale kituoni, wakati wa kuandikwa kitabuni, mwongozaji wa mbuga anamsikia muzee. Kipimajoto cha paji la uso kinasoma 36.4. Mwana anasema, "Si unaona, hana homa." Muzee mwenyewe anasema, "Kikohozi hiki ninacho tangu mwaka jana. Ni moshi tu."

Watu hawa ni wa mfano. Tumewaunda kwa kuunganisha mambo ambayo yeyote aliyefanya kazi ya kupeleka wageni kwa gorila atayatambua. Siku yenyewe ni ya wakati ambapo barabara inapitika na mbuga inapokea wageni. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu mwezi wa pili 2025, kujua kama safari ipo au haipo ni swali linalotangulia yote haya, na jibu lake haliko mikononi mwa mwongozaji.

Kwa nini kikohozi kimoja kina uzito

Gorila wa Kahuzi-Biega ni wale wa Grauer, jamii inayopatikana Kongo pekee, mashariki mwa nchi. Kabla ya vita walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Utafiti uliotolewa 2016 uliwashusha hadi 3,800, na mwaka huohuo wakawekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Makadirio ya 2021 yalifika kama 6,800, ila ongezeko hilo lilitokana zaidi na maeneo mapya yaliyohesabiwa kuliko watoto waliozaliwa. Katika sehemu ya milimani, hapa ambapo wageni wanapelekwa, walikuwa kama 250 mwaka 1996. Kufika 2000 walibaki karibu nusu. Jike huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka minne au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Jike mzima akifa leo, pengo lake halizibiki kwa miaka mingi.

Ugonjwa wa njia ya hewa unatoka kwa mtu kwenda kwa gorila bila shida yoyote, maana miili yetu inafanana mno. Mwaka 2009 nchini Rwanda, familia ya gorila wa milimani iitwayo Hirwa ilishikwa na kikohozi na makamasi karibu yote. Wawili walikufa, jike mzima na kichanga, na vipimo vilikuta ndani yao kirusi cha binadamu cha njia ya hewa, kile ambacho kwetu kinaitwa mafua tu na mtu anaenda nacho kazini. Mwaka 1988 hukohuko Rwanda ilishukiwa surua, hadi madaktari wakawachanja gorila kwa mishale. Januari 2021 gorila wa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, walipatikana na kirusi cha Covid-19. Surua ni mojawapo ya sababu za kutopeleka watoto wa chini ya miaka 15: magonjwa ya utotoni hubebwa na watoto ambao bado wanacheza vizuri tu.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalifikirii. Familia iliyozoeshwa watu ndiyo inayofikiwa kila siku. Gorila wa mbali huko nyanda za chini anaweza kumaliza mwaka bila kuvuta pumzi ya mtu. Huyu wa Tshivanga anavuta pumzi za wafuata nyayo, walinzi, mwongozaji na wageni, leo na kesho. Hatari yote ya mbuga tumeikusanya juu ya familia chache, kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazoingiza fedha.

Namna ya kumzuia muzee

Kipimajoto hakikutoa ushahidi wowote katika kisa hiki. Tshivanga iko juu ya mita 2,000. Mtu aliyeshuka garini kwenye baridi ya asubuhi paji lake ni baridi, na kifaa cha mwanga kinapima ngozi, si damu. Namna sahihi ni kumketisha mgeni ndani, mahali pasipo upepo, dakika 10, kumpangusa jasho au umande, kisha kupima mara mbili. Hata hapo, kidonge cha paracetamol kilichomezwa saa kumi na moja alfajiri kitashusha homa hadi mchana. Kwa hiyo kabla ya kipimajoto linatangulia swali: "Tangu jana mchana mumekunywa dawa gani?" Liulizwe hivyo, kana kwamba ni jambo la kawaida kuwa mtu amekunywa dawa. Ukiuliza "Je, munaumwa?" utajibiwa hapana na kila mtu.

Na hata homa isipokuwepo, kikohozi kinatosha. Inawezekana kweli muzee ana moshi wa miaka mingi kifuani. Inawezekana ni pumu. Inawezekana ni kifua kikuu, maana kikohozi cha tangu mwaka jana kinastahili kupimwa makohozi hospitalini bila kujali gorila. Mwongozaji hana namna ya kuyatenganisha haya pale mlangoni, wala si kazi yake. Kanuni inasema anayekohoa haendi, haiulizi sababu. Ikianza kuuliza sababu, kila mgeni atakuwa na sababu.

Kinachobaki ni namna ya kusema, na hapa ndipo vijana wengi wanaharibu. Katika kisa chetu mwongozaji ana miaka 28. Mbele yake ni muzee wa rika la babu yake, mbele ya watoto wake na mkwe wake, siku ya zawadi yake. Akisema kwa sauti barazani, "Wewe hauwezi kwenda," amemvunjia heshima, na kuanzia hapo familia nzima itabishana kwa ajili ya heshima hiyo. Gorila atakuwa amekwisha sahaulika.

Mwongozaji wetu alifanya vizuri. Alimwita kwanza mwana kando, akamweleza kwa maneno mafupi kwamba baba hatapanda na kwamba jambo hilo halijadiliwi, ila anaomba msaada wake ili muzee asidhalilike. Kisha akamtafuta mlinzi mwenye umri mkubwa zaidi pale kituoni, wakaenda wote wawili kwa muzee, wakamletea kiti na chai kabla ya kufungua kinywa. Mlinzi mkubwa ndiye aliyesema:

"Muzee, mutusamehe. Sheria ya parki inasema mwenye kikohozi hakaribii ngagi. Hata mukubwa wetu wa hapa akikohoa leo anabaki. Ngagi wakipata kikohozi chetu wanakufa. Mutabaki hapa pamoja na sisi, nitawaeleza namna familia yao inakaa, na watoto watawaletea picha."

Sheria imetajwa kuwa ya mbuga na inayowabana hata wakubwa wake, sababu imeelezwa kwa kifo cha mnyama badala ya ugonjwa wa muzee, na nafasi ya kuketi na kuongea imetolewa palepale. Muzee alinung'unika, akanywa chai. Mwana ndiye aliyerudi kwa mwongozaji na noti mkononi: "Chef, tutaelewana." Matabishi (fedha za kumlainisha mtu) ya namna hii hayajibiwi kwa hotuba juu ya rushwa. Yanajibiwa kwa kumwonyesha kitabu ambamo jina la muzee limekwisha andikwa "amebaki, kikohozi," pamoja na saa na sahihi ya watu wawili. Uamuzi ukiandikwa mapema unakuwa na wenyewe wengi, na kununua watu wengi ni ghali. Kuchelewa kuandika hadi jioni ndiko kunakofungua mlango.

Jambo moja la hatari lilikaribia kutokea hapa. Msindikizaji wa kampuni, akitaka kuituliza familia, alipendekeza muzee apelekwe Lwiro akaone sokwe waliookolewa. Hilo ni kosa lilelile kwa jina lingine. Sokwe wa kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa 2002, ni mayatima wa majangili, na kirusi kinachomuua gorila kinamuua sokwe pia. Wanakaa pamoja ndani ya uzio, kwa hiyo ugonjwa unaenea haraka kuliko msituni. Mtu anayekohoa anaweza kushuka ziwani, anaweza kula sambaza, samaki wadogo wa ziwa, pale Bukavu, anaweza kubaki barazani Tshivanga. Haendi mahali popote penye nyani wakubwa.

Wale wengine wa gari la kwanza

Wengi wakimzuia muzee wanafunga faili. Lakini watu watatu wamekaa naye saa moja na nusu katika gari lililofungwa vioo, na wamelala naye nyumba moja. Kama kikohozi chake kinaambukiza, nafasi ya kwamba mmoja wao tayari anakibeba bila dalili si ndogo. Barakoa ya muzee haikuwepo garini, maana barakoa zilitolewa baada ya kufika, kama kawaida ya kampuni nyingi.

Mwongozaji aliuliza swali zuri: nani analala wapi? Ndipo binti alipokiri kwamba tangu jana pua yake inatiririka. Akabaki na baba yake, na hilo halikuleta ugomvi, kwa kuwa mtu wa kumtunza muzee alihitajika. Mwana na mkewe hawakuwa na dalili yoyote. Marafiki wawili wa gari la pili hawakuwa na mgusano wa karibu na muzee tangu walipofika Bukavu.

Mwongozaji aliwaruhusu marafiki, na akawaruhusu pia mwana na mkewe kwa masharti: barakoa za N95, zile nzito zinazobana uso na kuchuja hewa, muda wote wa kuwa karibu na gorila, wakae nyuma ya msafara, na umbali wao uzidi ule wa wengine. Sisi hatukubaliani naye. Mtu asiye na dalili lakini amelala nyumba moja na mwenye kikohozi kisichojulikana anafaa kuahirishwa, na kampuni ingepaswa kuwa na nafasi ya kumhamishia kibali siku nyingine. Tunaelewa kwa nini hakufanya hivyo: angerudisha watu wanne kati ya sita, akabaki na wawili, na siku hiyohiyo angepigiwa simu na watu wengi kuliko mkono wake unavyoweza kushika. Lakini ugumu huo ni wa upangaji, si wa afya.

Kuna pia suala la ndevu. Mwana alikuwa na ndevu nzito, na N95 juu ya ndevu haizibi. Hewa inapita pembeni. Mwenye ndevu aambiwe usiku uliotangulia achague kati ya wembe na kubaki nyuma zaidi. Pale kituoni hakuna la kufanya tena.

Hesabu ya barakoa yenyewe ni rahisi na bado inakosewa. Msafara uliopanda ulikuwa na wageni 4, mwongozaji 1, walinzi 2, na wafuata nyayo 2 waliokuwa mbele tayari. Jumla 9. Kila mtu anahitaji mbili, kwa sababu barakoa inavaliwa kavu wakati wa kuwakaribia gorila, na ikilowa jasho au mvua haichuji tena, nayo inamkaba mtu pumzi hadi aishushe mwenyewe. Hiyo ni 18. Ongeza 4 za kuanguka matopeni: 22. Wapagazi wanabaki nyuma na mizigo, hawahesabiwi, ila nao wakikohoa hawapandi. Barakoa zilizotumika zinarudi katika mfuko unaofungwa. Ikiachwa moja kichakani, mtoto wa gorila ataiokota na kuitia mdomoni.

Ndani ya mianzi

Wafuata nyayo wanaondoka mapema, kabla wageni hawajafika. Wanaanzia mahali familia ilipoachwa jana, wanatafuta vitanda vya usiku. Kila gorila aliyeacha kunyonya hutandika chake jioni, majani na matawi yaliyokunjwa, na huku milimani vingi viko chini ardhini. Vitanda vinahesabiwa, kinyesi kinaangaliwa kama ni kigumu au kinaharisha, na ndipo nyayo za asubuhi zinafuatwa. Wengi wa wanaoijua kazi hii kwa undani ni Watwa, ambao wazee wao waliishi ndani ya msitu huu hadi walipoondolewa miaka ya 1970 kwa ajili ya mbuga. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa uamuzi wa kuwatetea, uliotangazwa 2024. Msafara unaomheshimu gorila na kumwita mfuata nyayo "kijana yule wa msitu" una kasoro tayari kabla ya kuingia porini.

Siku hiyo familia ilikuwa ndani ya mianzi. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, machipukizi ya mianzi yanatoka ardhini na gorila wanayafuata. Kwa mwongozaji mianzi ni taabu. Macho hayaoni zaidi ya mita 4 au 5, na umbali unaotakiwa ni mita 10. Kipimo cha zamani kilikuwa mita 7. Mwaka 2020, Covid-19 ilipoingia, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilishauri mita 10 au zaidi, wote wakiwa na barakoa. Kwa hiyo ndani ya mianzi minene uko mahali pamoja kati ya pawili: ama huwaoni, ama umekaribia mno.

Jibu sahihi ni kungoja nje ya mianzi, upande ambao wafuata nyayo wanadhani familia itatokea, na saa moja ya ziara ianze kuhesabiwa pale gorila wa kwanza anapoonekana. Mgeni atanung'unika kwamba anapoteza muda. Aambiwe asubuhi, kwenye maelezo ya mwanzo, kwamba kungoja ni sehemu ya siku. Kitu kinachosaidia sana hapo asubuhi ni mawe mawili yaliyowekwa uani kwa umbali wa mita 10, mgeni asimame kwenye moja na kulitazama la pili. Wageni wengi wakiulizwa msituni, mita 6 wanaziita 10.

Mwongozaji wetu aliingia. Alipata nafasi ndogo iliyokuwa wazi, dume mwenye mgongo mweupe akiwa ameketi kama mita 8 mbele, anamenya chipukizi kwa meno, anatupa maganda kulia na kushoto. Kila mtu akanyamaza. Mkewe yule mwana alikuwa nyuma kama alivyoambiwa. Mwana mwenyewe alisogea mbele taratibu, akashusha barakoa hadi kidevuni, akainua simu na kuanza kumrekodia baba yake ujumbe wa sauti: "Papa, unamuona? Huyu hapa..."

Hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana kisa hiki kinafundisha. Mtu aliyemwacha baba yake barazani atataka kumpelekea kitu. Mwongozaji mwenye uzoefu angelijua hilo kabla ya kuondoka kituoni, angemwambia: "Rekodi picha bila sauti, maneno utamwambia mwenyewe ukirudi." Kuongea kunatoa matone mengi kuliko kupumua, na barakoa karibu kila mara hushushwa kwa ajili ya mambo matatu: kuongea, kupiga picha ya uso wako, na miwani iliyojaa ukungu.

Sauti ya simu ikamvuta kijana wa gorila, wa miaka mitatu hivi, akatoka kwenye mianzi upande wa kushoto na kuja hadi mita 3. Dume akatoa mikoromo miwili mifupi ya kifuani. Sauti hiyo inafanana na kikohozi, lakini ni onyo. Hapa hatua ni hizi, na mpangilio wake una maana. Kwanza barakoa ipande juu, kabla ya kufanya mwendo wowote. Pili mgeni ainamishe kichwa, aache kumtazama dume machoni, mikono karibu na mwili. Tatu watu wote warudi nyuma pamoja, polepole, uso ukiwa bado upande wa gorila, na njia ya dume iachwe wazi. Anayefungiwa njia ndiye anayeshambulia. Nne, kijana wa gorila akiendelea kufuata, mwongozaji ajiweke katikati bila kumgusa. Hakuna kukimbia. Dume akija kwa kishindo, unachuchumaa mahali ulipo. Mara nyingi anaishia kuvunja mwanzi na kujipiga kifua.

Mwongozaji alifanya yote manne na akaifunga ziara dakika ya 35. Alikuwa na haki. Mmoja wa marafiki alilalamika kwamba amelipia dakika 60 na hakukosea yeye. Ni kweli, hakukosea. Lakini saa moja ni kikomo cha juu na haijawahi kuwa deni. Hili pia lisemwe asubuhi, kwa sauti, na liandikwe kwenye karatasi ya malipo.

Wakati wa kurudi, mmoja wa wageni aliomba wafuata nyayo wamkatie mianzi miwili kwa panga ili apate picha nzuri ya dume kwa mbali. Walikataa, na vizuri. Mwanzi ni chakula, na kila njia mpya inayofunguliwa kwa panga kesho inatumiwa na mtega nyaya.

Nani analipa kikohozi

Tukiitazama siku hii tangu mwanzo, msindikizaji alisikia kikohozi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya Mudaka, akanyamaza. Angeweza kusimamisha gari, kugawa barakoa, kufungua vioo, kupiga simu kituoni. Alinyamaza kwa sababu malipo yake ya siku yalitegemea wageni sita kufika msituni, na kampuni haikuwa na neno lolote katika mkataba kuhusu mgeni mgonjwa. Muzee naye alinyamaza, kwa kuwa kusema kungempotezea mwanawe fedha za kibali. Binti aliificha pua yake kwa sababu hiyohiyo. Na tusisahau wafuata nyayo: mtu analipwa kwa siku, anaamka na mafua, watoto wanangoja bukari (ugali), atapanda mlima, na yeye anawafikia gorila mara nyingi kuliko mgeni yeyote.

Katika mnyororo mzima, kila anayesema ukweli anapoteza, na anayenyamaza anapata. Mabango ya kituoni hayatashinda hesabu hiyo. Yanayosaidia ni mambo ya ofisini: mkataba unaosema kwamba mgeni anayejitangaza mgonjwa kabla ya kuondoka Bukavu anahamishiwa kibali au anarudishiwa sehemu kubwa ya fedha, na anayefichua Tshivanga anarudishiwa kidogo, na anayeficha na kugunduliwa msituni harudishiwi chochote, msindikizaji kulipwa siku nzima hata wageni wakipungua, mfuata nyayo mgonjwa kulipwa siku zake za kitandani. Hilo la mwisho ndilo la bei nafuu kuliko yote na ndilo linaloahirishwa kila bajeti.

Na simu ya jioni. Msindikizaji anapiga saa kumi na moja jioni, siku moja kabla, anaongea na kila mgeni mwenyewe, si na mlipaji peke yake. Anauliza: nyumbani kwenu kuna anayekohoa au mwenye mafua? Wewe mwenyewe wiki mbili hizi umeharisha, umekuwa na homa, vidonda mdomoni? Dawa gani umekunywa? Unalala wapi na nani? Una ndevu? Kuna mtoto wa chini ya miaka 15 katika msafara? Majibu yanaandikwa. Wanaotoka nyumba moja wanapangwa gari moja, wa nyumba nyingine gari lingine. Katika kisa chetu hilo lilitokea kwa bahati tu, na ndilo lililowaokoa marafiki wawili.

Siku 14 baada ya ziara

Ziara iliisha, lakini kwa kuwa mgeni aliyelala nyumba ya mgonjwa alishusha barakoa karibu na dume na kijana wake, familia hiyo inawekwa chini ya uangalizi kwa wiki mbili. Kila asubuhi wafuata nyayo wanaandika kwa kila gorila anayetambulika: makamasi puani, kupiga chafya, kikohozi, kubaki nyuma ya wengine, kukataa kula, kitanda chenye kinyesi cha majimaji. Kikohozi cha ugonjwa kinajirudia, hakimlengi mtu, na mara nyingi kinakuja mnyama akiwa amepumzika au baada ya kupanda. Mkoromo wa onyo unakuja ukiwa umekaribia, macho yake yakiwa kwako. Gorila mmoja akikohoa, ziara kwa familia hiyo zinasitishwa na madaktari wa wanyama wanaitwa siku hiyohiyo, hata kama wageni wa kesho wamekwisha lipa.

Upande wa pili, msindikizaji anampigia mwana na mkewe siku ya 3, ya 7 na ya 14, na anamuuliza muzee kama amekwenda kupima makohozi. Mmoja wao akiugua, kituo kinaambiwa siku hiyo, pamoja na dalili na tarehe zilipoanza, ili daktari ajue anatafuta nini kabla gorila wa kwanza hajaonyesha dalili.